Kuezeka na Kuezua

Nadhir alipokinywa kile kikombe cha kahawa papo hapo, hata hakungoja kipoe, Ibtihal alijua mambo yameisha.

Asiyejua desturi angesema kijana wa watu alikuwa na kiu tu, maana mchana ule mjini Ibra, Oman, lilikuwa jua la kukausha mate. Lakini nyumbani kwa Mzee Mahrous desturi inajulikana. Mgeni mwenye haja hanywi. Hupokea kikombe akakiweka chini mbele yake, na mwenye nyumba akikiona hakijaguswa humwambia, "Haya, sema haja yako." Akishakubaliwa ndipo hunywa. Mwezi uliopita Nadhir aliketi kwenye zulia lile lile na baba yake mdogo, Marzouq, wamekuja kuposa, na kikombe chake kilikaa chini mpaka kikapoa. Mzee Mahrous aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake hampi mtu aliyeibomoa nyumba ya wazee wake. Kikombe kikarudi jikoni kimejaa. Ibtihal ndiye aliyekimwaga, machozi yanamtoka.

Leo kakinywa, basi leo hana haja. Kakitikisa, ishara ya kwamba imetosha, akamrudishia Ibtihal bila kumtazama.

"Nimekuja kurudisha ufunguo, mzee," alisema Nadhir, akauweka juu ya zulia. Ulikuwa ufunguo wa chuma, mrefu kama mkono wa mtoto, wa ile nyumba ya udongo iliyoko mtaa wa zamani. "Na kuaga. Kesho narudi Romania."

"Kazi?" aliuliza Mzee Mahrous.

"Kazi. Mji wa Sibiu, pale nilipofanya mazoezi nilipomaliza chuo. Kuna mtaa wa nyumba za zamani wanataka kuutengeneza, wakanikumbuka."

"Alhamdulillahi. Huko bado hawajayajua mapaa yako."

Nadhir aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea kitu chake. Ibtihal, amesimama na birika mkononi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Maana maneno yale hayakuwa ya Nadhir. Yalikuwa yake yeye, na kijana yule alikuwa anayabeba tangu siku ya mvua.

Kwenye kiti cha pembeni alikuwa Bibi Turkiya, mama yake Mzee Mahrous, aliyezaliwa Unguja mjini na kuja Oman akiwa mke kijana. Miaka yote hii Kiswahili chake hakijaingia vumbi.

"Sibiu ndo kule kwenye nyumba zenye macho?" aliuliza.

Nadhir alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiko huko, bibi. Yale madirisha ya juu ya paa, yaliyofumbuliwa nusu. Ukipita njiani unaona nyumba zote zinakutazama."

"Mie nisingelala," alisema bibi. "Kula halwa, mwanangu. Usiondoke kwangu na mdomo mkavu."

Akala halwa, na Ibtihal akageukia ukuta. Hayo mambo ya nyumba zenye macho ndiyo yaliyompata yeye mwanzo. Familia ilipoamua kuitengeneza ile nyumba ya zamani, Mzee Mahrous alikuwa na shughuli zake Maskati, basi Ibtihal ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia, akitoka kwenye duka la dawa la hospitali anapofanya kazi. Akamkuta fundi mchora ramani aliyesomea Bukarest, Romania, mtoto wa watu wa bara, waliotoka Bujumbura na Kigoma, shati limejaa udongo, anaupapasa ukuta kama daktari anayetafuta maumivu. Wakaanza kuzungumza. Kila jioni Nadhir alimwonyesha picha kwenye simu. Mageti ya mbao ya wakulima wa Maramureş, yamechongwa kamba iliyosokotwa kutoka chini mpaka juu na jua katikati, na Ibtihal akasema mbona ni kama mnyororo unaochongwa kwenye milango ya Unguja. Majumba ya Bukarest yenye baraza za matao na nguzo zilizopindwa kama mkate wa kusuka. Halafu siku moja akamwonyesha nyumba nene ya mawe, chini haina madirisha ila vitundu, juu ina baraza nzuri ya kukaa na kutazama mashamba.

"Matajiri walijijengea hizi kwa kuogopa wanyang'anyi," alimwambia. "Kama nyumba yenu hii hii. Inaitwa kula."

"Inaitwa nini?"

"Kula."

Ibtihal alicheka mpaka akakaa chini. Alipompelekea bibi yake habari, bibi alisema angelijua kuna nyumba inaitwa kula angeolewa huko. Tangu siku hiyo, wakitaka kuonana, Nadhir alimwandikia, "Leo nina picha ya kula," na moyo wa Ibtihal ukaruka.

Basi mapenzi yalianza hivyo, kwa kuta na milango. Lakini Ibtihal alikuwa na kasoro yake, nayo ni kumcheka. Nadhir alisema "projekti" na "kontrakti," na vitu vingine alivitamka kibara bara, na Ibtihal hakumwacha hata siku moja. Alijiona mwana wa Unguja, mwenye lugha. Ukweli ni kwamba Kiswahili cha Ibtihal kilikuwa cha jikoni na cha simu, nusu yake Kiarabu, na maneno mengi ya bibi yake aliyaitikia tu bila kuyajua.

Siku ya mvua Bibi Turkiya alikuwa Nizwa kwa dada yake mgonjwa. Akampigia Ibtihal kazini. "Mwambie Nadhir akiezeke chumba cha juu leo leo. Wasema munkhafadh waja, mvua kubwa. Akiezeke hata kwa makuti." Pembe moja ya paa ilikuwa wazi, Nadhir aliifungua kubadilisha boriti iliyooza. Watu walikuwa wamejipanga dirishani wanangoja dawa. Ibtihal akasema "Inshallah, bibi," akakata, akampigia Nadhir.

"Bibi anasema uezue chumba cha juu leo leo, kabla ya mvua."

"Niezue? Au niezeke?"

"Si ni hilo hilo?"

"Si hilo hilo, Ibtihal. Una hakika kasema kuezua?"

Na hapo ndipo alipoharibu. Kwake yeye maneno yale yalikuwa neno moja lenye mkia tofauti. Angesema tu hajui, au angempigia bibi tena. Badala yake akacheka.

"Leo wa bara utanifundisha mie? Sisi ndio wenye Kiswahili yenyewe. Kuezua, Nadhir. Kuezua."

Alisema hivyo hivyo, "yenyewe," na Nadhir akanyamaza. Akaingia na mafundi wake, wakaliondoa paa zima.

Mvua ilishuka alasiri kutoka milimani, wadi, ule mto mkavu, ikafurika, na udongo ukarudi kuwa matope. Chumba cha juu ndicho kilichokuwa na dari iliyochorwa maua mekundu juu ya boriti, na asubuhi yake maua yote yalikuwa chini kwenye tope na ukuta wa kaskazini umelala. Bibi aliporudi akasema, "Mie n'liagiza kiezekwe," na Mzee Mahrous akamgeukia Nadhir. "Mtu wa bara hajui hata kuezeka na kuezua. Kosa langu mwenyewe kumpa nyumba."

Nadhir alimtazama Ibtihal mara moja. Ibtihal akatazama chini. "Kosa ni langu, mzee," alisema Nadhir.

Na tangu siku hiyo Ibtihal hakuwa na raha. Kila usiku alijiambia kesho nitasema, na kila asubuhi akaona uso wa baba yake na ulimi ukaganda.

"Ibtihal," aliita Bibi Turkiya, "halwa imemnata mwenzio vidole. Mwonyeshe pa kunawa."

Sinki lilikuwa kwenye ukumbi wa nje, hatua chache, mlango wazi. Nadhir alipajua vizuri sana. Ibtihal alimfungulia bomba.

"Unaondoka kweli?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Nikae nifanye nini?"

"Kwa nini hukusema, Nadhir? Hata siku ya posa. Ungesema tu, Ibtihal ndiye aliyeniambia."

Nadhir aliendelea kunawa, ingawa halwa ilishatoka. "Mwanzo sikusema kwa sababu nakupenda. Niliona wakikusema wewe nitaumia zaidi kuliko wakinisema mimi."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikaanza kungoja." Alifunga bomba. "Simu ikilia najiambia, leo kasema. Siku ya posa baba yako aliponiita mvunja nyumba, baba yangu mdogo ameinama kwa aibu, wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Nikakutazama. Unakumbuka ulifanya nini?"

Ibtihal alikumbuka. "Nilipanga vikombe."

"Ulipanga vikombe."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alimpa taulo, na vidole vyao vikagusana kidogo chini ya kitambaa, na hakuna aliyeondoa mkono haraka.

"Nakupenda," alisema Ibtihal. "Wallahi nakupenda."

"Najua. Mimi pia. Lakini siwezi kuishi na mtu nikimngoja hivyo." Akamrudishia taulo. "Sibiu nitakuwa na nyumba za kunitazama. Nitazoea."

Akarudi ndani kuaga. Ibtihal alibaki na taulo mbichi mkononi. Akamsikia baba yake anasema, "Haya, safari njema," na sauti za watu wanaonyanyuka. Akaingia.

"Baba, si yeye."

Mzee Mahrous alikuwa kainuka nusu. "Si yeye nini?"

"Chumba. Bibi aliniambia mie kiezekwe. Mie nikamwambia Nadhir aezue. Nilidhani ni neno moja."

Mzee Mahrous akaketi tena, polepole, kama aliyesikia habari ya msiba. "Ulidhani?"

"Aliniuliza mara mbili. Nikamcheka. Nikamwambia wa bara hawezi kunifundisha." Machozi yalishamwagika na hakuyafuta. "Ukamwita mvunja nyumba mbele yangu, na mie nikanyamaza. Ukamkatalia posa, nikanyamaza. Mvunja nyumba ni mie, baba. Kama kuna wa kutukanwa, nitukane mie."

Kiyoyozi kilivuma. Ibtihal alingoja baba yake apige kelele, lakini Mzee Mahrous hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Nadhir.

"Wewe ulijua maana ya neno?"

"Nilijua, mzee."

"Ulijua kuezua ni kuondoa paa, na mawingu unayaona kwa macho yako?"

"Nilijua."

"Basi sijabadilisha kauli," alisema Mzee Mahrous. "Huyu kakosea neno. Wewe umekosea kazi yako. Na lipi baya zaidi?"

Ibtihal alidhani akisema atamtua mwenzake mzigo, kumbe kazidi kumtwika. "Baba, aliniuliza mara mbili," alisema tena.

"Mwache, Ibtihal." Nadhir alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. "Mzee kasema kweli. Kule Sibiu mwalimu wangu hakufungua paa lote hata siku moja. Hufungua kipande, akakifunika, ndipo akafungua kingine. Mwenye nyumba akitaka vingine, alivaa kofia yake akaondoka. Na mimi nilitakiwa nikatae. Nilitakiwa nimpigie bibi mwenyewe."

"Hukumpigia kwa nini?"

Masikio yalikuwa yamemwiva Nadhir. "Niliogopa kuchekwa tena. Nilitaka mara moja tu Ibtihal aniambie jambo na mimi niseme sawa, bila kunisahihisha." Akapumua. "Ndiyo maana sikujitetea, mzee. Sikuwa nambebea yeye peke yake. Na aibu yangu ilikuwemo."

Ibtihal alimtazama mtu huyu aliyemdhania jabali, akaona kumbe kicheko chake kilimwingia siku zote zile, na yeye akijiona anamtania. Alitaka kumwambia samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno kwa kazi ile.

"Ibtihal, njoo hapa," alisema Bibi Turkiya.

Akaenda, akapiga magoti mbele ya kiti. Bibi alimshika kidevu.

"Kufunga?"

Ibtihal hakuelewa.

"Jibu. Kufunga?"

"Kufungua," alinong'ona.

"Kuziba?"

"Kuzibua."

"Kufunika?"

"Kufunua."

"Kuezeka?"

Ibtihal alifumba macho. "Kuezua."

"Basi wajua. Yote unayo, ila hukukaa ukafikiri." Bibi alimwachia kidevu, akamfuta machozi kwa ncha ya leso yake. "Nilipoletwa hapa Ibra mie Kiarabu changu cha kuombea dua tu. Nikifungua mdomo, wanawake wa mtaa wanacheka. Mwisho nikanyamaza, nikawa sisemi na mtu. Nikipanda kwenye chumba kile, nikilala nikitazama zile boriti. Boriti za kwetu zile, zilikatwa huko Afrika. Nikizungumza nazo Kiswahili, maana zenyewe hazikunicheka." Akaikunja leso yake. "Chumba nitakililia, sikufichi. Lakini hili la kumcheka mwenzio mpaka akanyamaza, hili limeniuma zaidi. Mie najua kunyamaza huko kulivyo."

Ibtihal aliinamisha uso kwenye mapaja ya bibi yake. Nyuma yake alimsikia Nadhir anainuka.

"Bibi, nisamehe," alisema Nadhir. "Mzee, nisamehe. Nitawaacha mpumzike."

"Kaa," alisema bibi. "Ibtihal, mtilie mgeni kahawa."

"Ameshatikisa kikombe, bibi."

"Nimeona kwa macho yangu. Mtilie."

Ibtihal alijifuta uso, akachukua birika. Akamimina. Alimpa Nadhir kikombe kwa mkono wa kulia, na safari hii Nadhir alimtazama. Alimtazama muda mrefu, bila kuficha, mbele ya baba mtu, na Ibtihal hakutazama chini.

Nadhir aliketi. Akakishika kikombe, mvuke unapanda. Halafu akakiweka chini kwenye zulia, mbele yake, na mikono yake akairudisha magotini.

Mzee Mahrous alikitazama kikombe. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshughulika na tasbihi kama vile hayumo. Akakitazama kikombe tena.

"Ndege yako si kesho?"

"Ni kesho, mzee."

"Na kahawa hunywi."

"Sijanywa bado."

Mzee Mahrous alivua kofia yake, akapangusa kipaji, akaivaa. Alikuwa mtu wa kushika neno lake, na neno lake alishalitoa mbele ya wageni. Ibtihal aliona jinsi taya zilivyokaza, akajiandaa kukimwaga kikombe cha pili.

"Haya," alisema Mzee Mahrous mwishowe. "Sema haja yako."

"Naomba kuezeka, mzee," alisema Nadhir. "Kile chumba cha bibi. Sibiu nitawaambia watafute mtu mwingine. Nitausimamisha ukuta, nitatafuta boriti, nitafungua kipande na kufunika kipande. Haja yangu ya pili nitaileta paa likishakamilika, na siku hiyo vile vile sitakunywa kwanza."

Mzee Mahrous alimgeukia binti yake.

"Kasema kuezeka, au kasema kuezua?"

"Kuezeka, baba." Neno lilitoka sawasawa.

"Una hakika?"

Ibtihal alimtazama bibi yake. Bibi aliinua macho kwenye tasbihi, akatikisa kichwa kukubali.

"Nina hakika."

"Basi mwambie anywe."